DALALI ANA MIDOMO MIWILI



Kuna maneno yanatembea mwaloni na vilabuni, eti mtu akiuza nyumba yake ni shauri lake mwenyewe, ushirika usitie pua. Sisi wa Kamati ya Elimu tunasema hapana. Nyumba moja ikiuzwa leo kwa bei ya kutupa, kesho dalali anaishika bei hiyo hiyo na kumbana nayo jirani: "Mwenzio kakubali, wewe nani?" Kwa hiyo anayeuza kwa siri anatupangia bei sote, hata sisi ambao hatuna nia ya kuuza.

Tumtazame dalali anavyofanya kazi. Asubuhi anakwenda kwa muuzaji: "Mzee, ziwa linapanda, hulioni? Mwakani humu watalala samaki. Pokea hiki kidogo." Jioni anakwenda kwa mnunuzi, na nyumba ni ile ile: "Bwana mkubwa, reli mpya inakuja. Ukichelewa, kiwanja hapa hukishiki tena." Mmoja anatishwa kwa maji, mwingine anavutwa kwa treni, na wote wanaambiwa wafanye haraka, tena wasionane. Bei aliyopokea mmoja na bei aliyotoa mwingine hazilingani. Hapo katikati ndipo dalali alipokaa kitako, anakula.

Tuanze na maji. Ni kweli ziwa linapanda na kushuka, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya dalali kuzaliwa. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga kule Kalemie, Kongo. Karne ya 19 mlango huo uliziba, maji yakajaa. Ulipozibuka mwaka 1878, ziwa likashuka kwa miaka kadhaa. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 lilipanda tena, likafika juu mwaka 1964. Na kuanzia mwaka 2020 limetuonyesha tena. Wenzetu wa Gatumba, Burundi, wamehama nyumba zao zaidi ya mara moja kwa maji ya ziwa na ya mto Rusizi.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, aliye juu kwenye mteremko asitishwe. Maji ya ufukweni hayaipunguzii thamani nyumba yake. Wanaohama chini watatafuta wapi kama si huko juu? Pili, anayenunua aogope kiwanja kinachojitokeza ziwa likirudi nyuma. Mchanga ule mkavu si ardhi mpya. Ni sakafu ya ziwa, na mwenyewe atarudi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayekuuzia hapo anakuuzia kesi, na bati juu yake.

Sasa reli. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hilo ni jambo jema na tunalingoja. Lakini jamani, reli haimpandishii kila mtu bei. Reli ya kwanza ilifika mwaka 1914. Ujiji ndio uliokuwa mji, wenye soko na majina yanayojulikana hadi ng'ambo. Reli ikaenda kwenye ghuba ya Kigoma, na biashara ikaifuata. Aliyekuwa na nyumba Ujiji kwa kungoja utajiri wa treni aliusikia mlio wake kwa mbali. Mnunuzi, usilipe leo bei ya stesheni ambayo hujaiona. Na wewe muuzaji, kama kweli reli inaleta neema, mbona dalali anataka uuze kabla haijafika?

Wapo watakaosema: "Maneno mazuri, lakini mtoto yuko hospitali, nile maneno?" Tunalijua hilo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, karabai zilizimwa, na dagaa ndio mshahara wetu. Huo ndio msimu dalali anapita nyumba hadi nyumba, anasalimia kwa upole. Kalenda ya njaa yetu anaijua kuliko sisi. Ndiyo sababu tunasema mwenye shida aje ushirika kwanza, aombe mkopo wa akiba, kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu. Nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi isiuzwe kwa shida ya mwezi mmoja. Na ikibidi kuuza, iuzwe mchana.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka Halmashauri ya Kijiji ijulishwe kabla haki ya ardhi ya kimila haijahamishwa kwa mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wangapi kati yetu wamesikia habari ya nyumba yao kutoka kwa fundi aliyekuja kubadilisha kufuli? Anayekuambia "tusiwasumbue kina mama" anajua vizuri kwa nini hataki wawepo.

Kwa hiyo tunapeleka haya mbele ya Mkutano Mkuu:

1. Anayetaka kuuza nyumba au kiwanja atangaze kwenye ubao huu, na bei anayoitaka iandikwe.
2. Muuzaji na mnunuzi wakae uso kwa uso mbele ya Halmashauri, mke na mume wakiwepo, na bei iingie kwenye muhtasari. Dalali akitaka ujira wake, autaje hapo hapo.
3. Wazee waonyeshe maji yalipofika miaka ya 1960 na miaka hii, tupige alama kwa mawe. Chini ya alama hizo na ndani ya zile mita 60, pasiuzwe kitu.
4. Mwanachama anayenunua mjini, Manispaa ya Kigoma Ujiji, asitoe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi ofisi ya ardhi.

Dagaa huvuliwa gizani, hiyo ni kazi halali. Nyumba ikiuzwa gizani, anayevuliwa ni wewe.

Ushirika ni nguvu. Tukutane mkutanoni, na anayepinga aje aseme mbele ya watu.

Kamati ya Elimu ya Ushirika