Wati 1000 za Nini Sebuleni?



Machi 2018, wakuu wa Nyarugenge kule Kigali walipokataza adhana kwa vipaza sauti, sote tuliumia. Adhana ni dakika chache tu! Sasa niambieni: ile besi ya sebuleni kwenu, inayotikisa ukuta wa jirani mpaka saa 5 usiku, nani kawalazimisha? Wenyewe tunaivusha kutoka Bukavu, tena kwa fahari.

Na tunadanganywa mchana kweupe. Boksi limeandikwa "wati 1000 PMPO". Hiyo PMPO ni namba ya kuuzia, haina kipimo maalumu. Ulizeni RMS, yaani nguvu ambayo mashine huitoa mfululizo. Spika nyingi za nyumbani, kwa wati moja tu, hutoa karibu desibeli 85 ukikaa mita moja. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, sikio halishtuki.

Baba, chukua risiva ndogo na spika mbili nzuri. Angalia na omu: risiva ya omu 8 ukiifungia spika za omu 4 na kupandisha sauti, inaweza kuchemka hata kuungua. Besi kubwa iache. Maneno ya mawaidha hayatoki humo, ila humo ndimo unamotoka mngurumo unaopenya ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mgonjwa, kuna mwanafunzi wa mtihani. Mtume (s.a.w.) ametuusia jirani, hakusema Mwislamu peke yake.

Muuzaji akikataa kukwambia RMS, rudisha pesa mfukoni, vuka daraja, njoo nyumbani.