Waganga, yenye munasikia ku mikutano, mutuambie na sisi



Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa tano ao mwanzo wa mwezi wa sita, waganga wa kansa wanatoka pande zote za dunia na kukutana Chicago, ku mukutano wa ASCO. Mwenye kuwa ndani ya chumba anasikia matokeo mapya, anaandika mistari mbili ku X, anaweka alama # na jina la mukutano. Dakika ileile munganga mwenye alikosa viza ao pesa ya tiketi anasoma mu simu yake, anauliza, anajibiwa. Kwetu waganga wengi ni hao wenye kubaki.

Hiyo kitu ni muzuri na tunaitetea. Mu mwaka 2017, kule San Diego, Shirika la Marekani la Ugonjwa wa Sukari liliomba watu wafute ujumbe wenye picha za kurasa zenye zilionyeshwa ku mukutano wake. Waganga walipiga kelele mu mitandao, na mwaka uliofuata shirika lilibadili sheria yake. Elimu yenye kuokoa mutu haifungiwi mu chumba.

Lakini sisi vijana tuna ulizo moja: munganga anamwandikia nani? Mara mingi anamwandikia munganga mwenzake, kwa Kiingereza ao Kifaransa. Mama wa soko hayumo.

Sisi watu wa Kivu tunajua bei ya kimya hicho. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Wakati ule WhatsApp zetu zilijaa sauti za watu wasiojulikana: Ebola ni biashara, chanjo inaua. Tarehe 19 Aprili 2019 dokta Richard Mouzoko, Mukameruni wa OMS, aliuawa Butembo, ndani ya hospitali. Hatusemi kama ujumbe mumoja ungemuokoa. Mwenye silaha hangojei kusoma. Tunasema uongo ulikuta uwanja mutupu, ukajenga.

Na habari njema ilikuwako. Tarehe 12 Agosti 2019, INRB ya Profesa Muyembe na wenzake wa inje walitangaza matokeo ya utafiti PALM: kati ya dawa ine, mbili zilishinda, na mugonjwa mwenye kufika mapema alikuwa na nafasi kubwa ya kupona. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia mu utafiti ule. Moja ya dawa hizo mbili ilitokana na damu ya mutu mwenye alipona Ebola ya Kikwit, mu 1995. Ni damu yetu, ni wafu wetu. Ni watu wangapi wa Beni walisikia hiyo habari kwa Kiswahili, kutoka mudomo wa munganga wenye wanamujua?

Kwa hiyo tunaomba:

Munganga akiwa ku mukutano, atume sauti ya dakika mbili, kwa Kiswahili chepesi, ku WhatsApp. Sauti haikuli mega mingi, na mwenye hajui kusoma anaisikia.

Aseme wazi kama ni dawa yenye iko tayari ao ni utafiti ungali unaendelea. Kuleta tumaini la haraka nayo ni uongo.

Asiweke sura ya mugonjwa bila ruhusa yake. Mu mutaa, hata kidonda ao kitanda kinatosha ili mutu ajulikane.

Aseme nani alimulipia safari. Kama ni kampuni ya dawa, tujue mbele ya kusikia sifa za dawa yake.

Wenye kutayarisha mikutano hapa kwetu, Kinshasa, Goma ao Bukavu, waache waganga wapige picha na kuandika. Mukutano wenye kumalizika na chakula cha hoteli na ripoti ndani ya kabati hautusaidii.

Na sisi pia tuna deni. Ni vidole vyetu vilisambaza zile sauti za uongo. Kuanzia leo, mbele ya kutuma, tumuulize munganga wa mutaa. Lakini basi, dokta, ujibu.