Rubani Mgeni Naye Apige Hodi

Wako watu duniani ambao starehe yao si kuvua wala kucheza bao, bali ni kurusha ndege. Hawa si marubani wa kazi. Ni mawakili, ni wahandisi, ni matajiri wa biashara, kila mmoja na leseni yake mfukoni, na wakienda likizo katika nchi ya watu swali lao la kwanza ni hili: wapi hapa nitapata kuruka?

Kenya wanaijua sana. Nairobi, katika uwanja wa Wilson, iko klabu ya marubani iliyoanzishwa mwaka 1927, na uwanja wenyewe umepewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege mwaka 1929. Kutoka hapo ndege ndogo hushuka kwetu pwani, Ukunda, Malindi na Manda, nasi tumezizoea hata watoto hawainui tena macho zipitapo.

Lakini mwenye kupenda kuruka hatosheki. Huitandaza ramani, akavuka Mto Tana kwa kidole, akaona Garissa, Wajir na Mandera: ardhi tambarare, anga jeupe, viwanja vya vumbi vilivyotawanyika, na ndege chache. Akasema moyoni, huku ndiko. Juu ya hilo nina neno, kwani watu wa Garissa ni jirani zetu. Maji wanywayo wao ndiyo hayo yamwagikayo baharini upande wa Kipini.

Kwa upande wa sheria, jambo hili halina kubahatisha. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 umekata shauri kwamba kila dola ndiyo yenye anga lake, na kwamba leseni ya rubani lazima itolewe au ithibitishwe na nchi ilikoandikishwa ndege. Basi Mfaransa mwenye leseni ya kwao, akikodi Wilson ndege yenye herufi 5Y za Kenya, hana ruhusa ya kuiongoza mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya imthibitishie. Hiyo naiita hodi ya angani, na marubani huipiga, maana wanajua asiyeipiga atakiona. Ninayoidai mimi ni hodi ya pili, hodi ya ardhini, ambayo haimo katika mitihani yao.

Huko Kaskazini Mashariki ndege haijapata kuwa kitu cha mchezo. Mtu wa Mandera huijua kwa shida zake. Yuko daktari wa ndege wa AMREF, ambaye tangu mwaka 1957 amekuwa akiwafuata wagonjwa wasioweza kufikiwa kwa barabara. Iko ndege ya miraa. Iko ndege ya chakula wakati wa ukame na wakati wa gharika, kama ile ya mwaka 1997 na 1998. Hata Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa na Nairobi, watu wakabaki ng'ambo ya mto wakitazamana. Na Novemba 2014, baada ya abiria 28 wa basi kuuawa karibu na Mandera, walimu na wafanyakazi wa serikali walikimbilia kiwanja cha ndege wakiomba waondolewe. Mahali pa namna hiyo, mlio wa injini ukisikika mtu hujiuliza kwanza: kuna nini tena?

Na kuna kiwanja kimoja ambacho kila rubani mgeni ni lazima akijue kwa jina. Februari 1984 majeshi ya usalama yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku baada ya siku bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57; wenyeji wametaja maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyachunguza mambo hayo na kutoa ripoti mwaka 2013. Katika ramani Wagalla ni mstari tu wa kutulia ndege, lakini kwa mjane wa Wajir ni kaburi la mumewe. Je, mtu ashuke hapo kwa starehe, apige picha mbili tatu, aruke aende zake?

Tena liko suala la macho. Sisi wa pwani tunafahamu kwa nini nyumba za kale za Lamu ziligeuzia mgongo barabara, na kwa nini ni aibu kujenga dirisha linalochungulia uani kwa jirani. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani asishuke chini ya futi 500 juu ya ardhi, na futi 1,000 juu ya mji, ila akiwa anaruka au anatua. Ni kanuni njema, lakini iliwekwa kwa ajili ya usalama, haikuwekwa kwa ajili ya sitara. Mama anayeoga nyuma ya kibanda chake cha miti na mikeka hana paa jingine ila mbingu. Na ngamia wanaokunywa kisimani Wajir wakitimuliwa na mlio, wa kuwasaka jangwani mchana kutwa si rubani.

Najua wako watakaoniambia: basi wapigwe marufuku, mchezo wa matajiri wa nini katika nchi ya ukame? Mimi hilo silikubali. Nchi ile imefungwa vya kutosha. Mwingereza aliiita NFD, akaifanya wilaya ya kuingia kwa kibali. Wakati huohuo maofisa wake pale Wajir, mbali kabisa na bahari, walijifanyia klabu waliyoiita ya mashua ya kifalme. Baada ya uhuru vikaja vita vya 1963 hadi 1967, na sheria za hatari zikaendelea mpaka mwaka 1991. Nchi inayoingiwa na askari na wagawa posho peke yao hudhaniwa haina jingine la kutazamwa. Ilhali liko: Tana inavyojipinda kijani katikati ya mchanga mwekundu, na kule Ishaqbini hirola, paa adimu ambaye maskani yake ya asili duniani ni mpaka huo wa Kenya na Somalia. Mgeni anayekuja kwa sababu nchi ni nzuri huiheshimu kuliko anayekuja kwa kuihurumia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila apige hodi. Na hodi, kama tulivyofunzwa tangu chuoni, ni mara tatu. Usipojibiwa, warudi ulikotoka bila kinyongo. Baada ya yaliyotokea Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, walipouawa watu 148, na baada ya kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay kushambuliwa Januari 2020, yako maeneo ya mpakani ambayo jibu la mwenyeji litakuwa "bado". Rubani asiyeelewa neno hilo, akianguka porini, watakaotumwa kumtafuta ni watoto wa watu.

Basi vilabu vya marubani, katika maelekezo vinayowapa wageni, visiandike urefu wa kiwanja na namna ya udongo tu. Viandike pia ardhi ni ya nani, mzee gani aulizwe, na mahali hapo palitokea nini. Serikali za kaunti nazo ziweke ada ya kutua, na fedha hizo zionekane kisimani na zahanati. Wagalla isitumiwe kwa starehe kabisa. Na kiti cha pili cha ndege, ambacho mara nyingi hupanda mkoba wa kamera, apewe kijana wa Garissa japo kwa nusu saa, naye aione nchi yake kutoka juu. Miaka yote ni yeye aliyekuwa akitazamwa.