Wageni wa Siku Mbili: Tuwaonyeshe Nini Tanga?

Kila mwaka, kabla ya likizo ya katikati ya mwaka, skuli yetu hupokea wageni kutoka skuli moja ya Mkoa wa Dodoma. Huwasili Ijumaa jioni kwa basi, na Jumatatu alfajiri huondoka. Kazi ya kuchagua mahali watakapotembezwa imeachiwa Kidato cha Nne. Mwaka huu orodha imekwisha kubandikwa katika ubao wa matangazo, nayo ina mahali tisa: Mapango ya Amboni, chemchemi za kiberiti za Galanos, Kisiwa cha Toten, bandari, Makumbusho ya Urithi, makaburi ya vita, Tongoni, Pangani, na ufuko wa Ras Kazone. Nimeisoma orodha hiyo mara tatu, na rai yangu ni kwamba zaidi ya nusu yake ifutwe.

Naomba nisieleweke vibaya. Hapana mahali pabaya katika hayo tisa. Walakini Amboni iko kaskazini ya mji, Tongoni kusini, Pangani mbali zaidi huko huko kusini, yaani karibu kilomita 50 kwenda tu. Na Toten ni kisiwa, hapaendeki bila chombo. Siku mbili zina saa 24 za mwanga. Toa sala, toa chakula, toa kumngojea yule ambaye kila safari husahau kitu bwenini, kisha gawa zinazobaki kwa tisa. Mwaka jana hesabu ilikuwa hiyo hiyo. Kila mahali tulishuka, tukapanga mstari, tukapigwa picha moja, tukapanda tena. Tulipokuwa tukirudi, mgeni aliyeketi karibu nami aliniuliza kama yale mapango tuliyaona siku ile au siku iliyotangulia. Wazazi wake walichanga fedha ili aje aone Tanga, naye aliona viti vya basi.

Kanuni ninayoipendekeza ni moja: kwanza tuwape kile ambacho kwao hakipo. Watu wa Dodoma wana mawe na mapango, tena wanayo ya kujivunia. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa nini basi mtoto wa Kondoa tumpeleke pangoni kwa nusu siku, hali bahari imelala mbele ya mji wetu, na yeye hajapata kuiona? Najua Amboni ni fahari yetu. Mawe yake ya chokaa ni ya zamani mno, na hadithi zake hazina mwisho: mbwa aliyepotelea ndani akatokea Kilimanjaro, na Osale Otango aliyejificha humo katika miaka ya 1950 akisakwa na askari wa serikali ya kikoloni. Mwenye siku nne Tanga asikose kwenda. Mwenye siku mbili aisikie kwa masimulizi.

Bahari ndiyo ya kwanza, wala sisemi habari ya kuogelea. Mimi kwetu ni Handeni, na bahari niliiona mara ya kwanza nilipoletwa Kidato cha Kwanza. Kwa hiyo nasema ninalolijua. Jambo linalomshangaza mtu wa bara si wingi wa maji, maana hayo ameyaona katika picha. Linalomshangaza ni kwamba maji yanaondoka. Asubuhi anaona mashua zimeegama juu ya matope, wanawake wanatembea mbali wakiokota chaza na kaa pale ambapo jana palikuwa kina. Jioni anarudi mahali pale pale, mashua zinaelea na njia aliyopita miguu haipo. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hapa kwetu hupita mita tatu, kimo cha kuzidi bweni la chini hadi dirisha la juu. Hakuna mwalimu wa jiografia awezaye kulieleza hilo kama linavyojieleza lenyewe. Lakini ili lijieleze, hapana budi mgeni aletwe pwani mara mbili katika siku moja, na orodha yetu ya mahali tisa haina nafasi ya kurudi popote.

Basi Jumamosi asubuhi tuwapeleke Deep Sea, samaki wanapouzwa kwa mnada. Wamwone changu, tasi, nguru na pweza, wamsikilize dalali, wamwulize mvuvi aliyeketi akitengeneza nyavu zake. Wakiwa na bahati watapata mtu wa kuwasimulia habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha toweka duniani tangu zamani za kale, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Katika maji ya Tanga walianza kunaswa katika nyavu za wavuvi miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari kwa ajili yao. Tusiwaahidi wageni kumwona, hukaa vilindini. Yatosha wajue kwamba jirani huyo yupo.

Kutoka hapo twende kwa miguu mpaka mjini. Mji wa Tanga ni tambarare, na sehemu ya majumba ya Wajerumani si kubwa. Bustani ya Jamhuri inatazama bandari, na Boma la zamani ndilo lenye Makumbusho ya Urithi. Kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 reli ya kwanza ya nchi hii, ikafika Moshi mwaka 1911. Na hapa ndipo gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilipochapwa katika skuli ya serikali, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Sisi tuandikao gazeti la skuli tungepaswa kulitaja hilo kwa sauti kubwa.

Juu ya vita nina neno. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, ambao sehemu kubwa walikuwa askari Waafrika. Nyuki waliovurugwa na risasi wakawauma watu, na tangu hapo habari nzima husimuliwa kama kichekesho cha nyuki. Makaburini hapachekeshi. Tukiwapeleka wageni huko, na tuwaache wasome majina ya vijana wa India waliokuja kufa katika ugomvi wa watu wengine, katika nchi wasiyoijua. Kisha wajiulize ni wapi yalipoandikwa majina ya wapagazi wetu.

Saa za mchana kali warudi skuli wapumzike, na jioni warudishwe Deep Sea kuyaona maji. Baada ya hapo ni zamu ya Ngamiani. Hii haimo katika orodha kabisa, nami nashangaa. Barabara za Ngamiani zina nambari badala ya majina, ya kwanza, ya pili, na kuendelea hadi kupita ishirini, hata mgeni wa jana hawezi kupotea. Kila mgeni mmoja atembee na mwenyeji mmoja. Wanywe kahawa chungu kwa kashata, wale muhogo wa kuchoma, waone baiskeli zisizo na idadi, wasikilize wazee barazani wakibishana habari za Coastal Union. Mji huu ndio uliotoa Black Star na Lucky Star za taarabu, na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za dansi. Yamkini mzee mmoja atakubali kuwasimulia ujana wake. Walimu watauliza juu ya usalama, na ni haki yao. Viranja wawe katika kila kundi, na saa moja ya usiku kila mtu awe amerudi.

Jumapili, baada ya ibada, tuchukue njia moja tu, ile ya Pangani, tusiifike Pangani yenyewe. Hilo naliandika kwa masikitiko, maana katika mji ule Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani mnamo Desemba 1889, na ng'ambo ya mto, huko Kikogwe, ndiko ilikopandwa mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika 1,000 iliyotumwa kwa Dokta Hindorf kutoka Marekani. Mashamba yote ya mkonge ambayo wageni waliyapita Muheza yana ukoo na miche ile. Lakini Pangani si mji wa kupitiwa mbio mbio. Unastahili siku yake.

Katika njia hiyo tusimame kwanza Machui, nyumbani kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa huko mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Hapana mnara mkubwa wa kutazama, na ndiyo sababu baadhi ya wenzangu waliniambia hapafai. Mimi naona kinyume. Mwanafunzi wa Dodoma ambaye amelisoma jina lile katika vitabu tangu utotoni ataona kwamba mwandishi wa Kusadikika alitoka katika kijiji chenye minazi na njia ya mchanga, kama vijiji tunavyotoka sisi. Ila tutume habari mapema kwa wazee wa pale, tuombe ruhusa, wala tusiende na kelele.

Kisha Tongoni, kama kilomita 20 kutoka mjini. Ni msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, ya watu walioishi na kufanya biashara katika pwani hii zaidi ya miaka 500 iliyopita. Minara mingi ya makaburi imeanguka. Katika kuta vimebaki vishimo ambamo zamani zilipachikwa sahani na mabakuli ya kigeni, hata ya Kichina. Vyombo vyenyewe havipo tena. Januari 1499, karibu na pwani hii, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake São Rafael, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wenzangu husema Tongoni ni mawe tu. Kwa dakika kumi, naam, ni mawe tu. Kwa saa mbili, ukiwa na mlinzi wa mahali pale wa kukueleza, utaanza kuuliza walikuwa nani, walikwenda wapi, na nani aliyezichukua sahani.

Watu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Niliwauliza wenzangu wa bweni letu, na wengi wao hawajapata kufika Tongoni, ijapokuwa wamekaa Tanga miaka minne na mtihani wa mwisho u mbele yetu. Kwa hiyo fedha ya basi haitakuwa ya wageni peke yao. Nayo itapungua, kwa kuwa Jumamosi yote ni ya kwenda kwa miguu. Nashauri kitakachosalia kiwalipie wale wa kidato chetu ambao wazazi wao hawakuweza kuchanga, na ambao mwaka jana walibaki wakifagia uwanja siku ya matembezi.

Kamati itakutana Alhamisi. Tarehe ya ziara haijakatwa, nami naomba kwanza waitazame kalenda ya mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo huwa ni bamvua, na siku hizo hapa kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, saa zile zile ambazo wageni wanaweza kuwapo pwani. Ziara ikiangukia wakati wa maji mafu hawataona tofauti kubwa. Ratiba ya maji kujaa na kupwa wanayo watu wa bandari, na mvuvi yeyote wa Deep Sea anayo kichwani.