Moshi Si Wangu, Kesi Ni Yangu

Saa tano usiku nilikuwa mlangoni nikihesabu noti za mia mbili mbili, dem mmoja akaanguka kando ya spika ya kushoto. Ilikuwa shoo ndogo, hapa hapa Eastlands, kwa ukumbi ambao sitautaja. Marapa saba, dijei mmoja, kiingilio 200. Mwanzo tulidhani ni joto. Kisha tukaona macho yamegeuka na jibu hana. Rafiki yake akatunong'onezea kuwa kuna tembe alipewa huko nje na mtu hawamjui.

Jamaa aliyeandaa shoo alikuwa na simu mkononi. Hakupiga. Aliniangalia akasema, "Nikiita ambulensi, makarao watafuata. Wakifika hapa, hawatauliza nani aliuza. Watauliza shoo ni ya nani."

Tukasimama hapo, watu wazima wanne, tukibishana juu ya kichwa cha mtu aliyezimia. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kwa kumbukumbu yangu ni kama ishirini. Mwishowe tulimpakia kwa boda, katikati ya dereva na rafiki yake, akapelekwa kliniki. Alipona. Kesho yake alituma meseji akiuliza kama kuna mtu aliokota kiatu chake.

Tulicheka kwa sababu ya kiatu. Lakini zile dakika hazijaniisha, na ndio nimekaa kuandika hii. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumefanya hesabu, na sheria ndiyo iliyotuandikia hiyo hesabu.

Sheria yenyewe ni ya 1994, ile ya kudhibiti dawa za kulevya. Kifungu cha 5 kinamgusa mwenye jengo, anayelikalia na yeyote anayehusika kulisimamia, akiruhusu litumiwe kwa kuvuta, kunusa au kutumia dawa hizo kwa njia yoyote ile. Adhabu ilivyoandikwa mwaka huo ilikuwa faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Piga hesabu na kiingilio chetu. Hiyo 250,000 ni tiketi 1,250. Ukumbi wetu ukijaa mpaka watu wakae dirishani unabeba mia mbili.

Mwenye kuitetea sheria ataniambia nisome vizuri: imesema "akiruhusu". Kama hukuruhusu, unaogopa nini? Hilo ni swali la mtu ambaye hajawahi kulala seli akingoja Jumatatu. Neno "kuruhusu" linajadiliwa kortini, mbele ya hakimu, na wakili kando yako. Saa nane usiku mlangoni hakuna hakimu. Kuna afande ameokota kipisi cha bangi chooni, na kuna wewe, na kuna spika ulizokodisha ambazo zinafaa kurudishwa asubuhi. Ukitoa kitu kidogo, hukuruhusu. Ukikosa, uliruhusu. Hiyo ndiyo tafsiri ya mtaani, na kila promota anaijua kuliko anavyoijua Katiba.

Tena angalia nani ametajwa kwanza: mwenye jengo. Huku kwetu kumbi nyingi ni za kaunti. Ukumbi wa Kaloleni, ule wazee waliuita House of Commons kwa sababu wanasiasa wa kupigania uhuru walikutania pale, ni mali ya umma. Kama moshi wa chooni unamfuata mwenye jengo, basi kila wikendi gavana angekuwa anaitwa kituoni aandikishe taarifa. Hujawahi kusikia hilo, na hutasikia. Sheria inateremka ngazi polepole, inampita mwenye jengo, inampita meneja, mpaka inampata kijana mwenye bango la shoo lenye namba yake ya simu. Hapo ndipo inasimama.

Na serikali nayo je, kwenye majengo yake? Mnakumbuka Kirinyaga, Februari 2024. Zaidi ya watu kumi walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu kijijini Kangai. Serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilikuwa imekamatwa, ikahifadhiwa kama ushahidi katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kisha ikatoka. Yaani ilitoka mahali penye kufuli, penye bunduki, penye kitabu cha kuandikisha kila kinachoingia. Kama watu walio na hayo yote walishindwa kulinda chupa zilizokuwa tayari mikononi mwao, mimi na baunsa mmoja wa kukodi tutalinda vipi mifuko ya watu mia mbili? Mjumbe hauawi, tunaambiwa. Lakini mwenye mlango anafungwa.

Kuna ubaya mwingine ambao hauonekani mpaka ujaribu kuandaa kitu. Tuseme wewe ni promota mwenye akili. Unajua vijana wengine watakuja tayari wamemeza bugizi. Unajua kuna wanaotilia wasichana mchele kwenye vinywaji. Kwa hivyo unataka kuweka maji ya bure, kona ya kupumzika, nesi mmoja, na karatasi ukutani ya kusema ukimwona mwenzako amezima, fanya hivi na hivi. Wakili akikusikia atakwambia usithubutu. Hiyo karatasi ni ushahidi kwamba ulijua. Huyo nesi ni ushahidi kwamba ulitarajia. Usalama wako kisheria uko katika kujifanya mjinga. Kwa hivyo promota anayejali anaonekana mkosaji, na yule asiyejali, ambaye hata maji anauza bei ya bia, anaonekana msafi.

Hili halikuanzia kwetu. Marekani walipitisha sheria ya aina hii 2003, baada ya seneta aitwaye Joe Biden kuisukuma mwaka mmoja kabla ikiwa na jina lililolenga wazi shoo za dansi za vijana. Miaka kumi baadaye, 2013, mwanafunzi wa miaka 19, Shelley Goldsmith, alifariki baada ya kumeza tembe ya MDMA na kuzidiwa na joto kwenye shoo mjini Washington. Mama yake, Dede, angeweza kudai maprompota wafungwe. Alifanya kinyume. Alianza kampeni ya kutaka sheria hiyo irekebishwe, kwa sababu aliona kuwa inawatia waandaaji hofu ya kuweka maji, kona za kupoa na maelezo ya ukweli. Mzazi aliyezika mtoto ndiye alisema hivyo. Mimi namsikiliza yeye kabla ya kumsikiliza mheshimiwa yeyote anayetafuta kura kwa kupiga kelele juu ya "vijana wetu wanaangamia".

Najua mama yangu atasoma hii. Najua atauliza: kwa hivyo mnataka watoto wavute tu, na hakuna wa kuulizwa? La, mama. Waulizwe. Promota akiuza, au akila njama na muuzaji, au akichukua asilimia ya mauzo, ashtakiwe kama muuzaji, sitamtetea. Akijaza watu kupita kiasi na kufunga mlango wa nyuma kwa mnyororo, ashtakiwe. Akiwaingiza watoto wa shule, ashtakiwe. Hayo ni mambo aliyoyafanya yeye kwa mkono wake. Ninachopinga ni mtu kubeba kesi ya kilichokuwa ndani ya soksi ya mtu mwingine. Wewe mwenyewe, mama, umekuwa ukiandaa chama hapa nyumbani kwa miaka. Mgeni akija na ugoro kwa mkoba, nani ashikwe?

Na msiniambie sheria ni moja kwa wote. Nenda Westlands Ijumaa usiku, ukae nje ya sehemu yoyote yenye mistari ya Prado. Harufu ni ile ile. Tofauti ni kwamba pale kuna wakili ambaye namba yake iko kwa simu ya meneja, na kuna wateja ambao afande hatataka kuwaamsha. Sisi tuna sifa iliyotutangulia: mtu akisema "shoo Dandora", tayari kuna bangi ndani ya sentensi. Lakini Dandora hiyo hiyo ndiyo ilitupa Kalamashaka miaka ya tisini. Umoja ilitupa Ethic 2018, na nchi nzima ikaimba. Muziki huu haukulelewa kwenye hoteli. Ulilelewa mahali padogo, pa kiingilio kidogo, na mtu mmoja aliyekubali jina lake liandikwe kwenye bango. Ukimtisha huyo mtu mmoja, umezima kitu ambacho hata wizara haijui kukiwasha. Katiba yetu, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Uhuru huo unahitaji ukumbi, na ukumbi unahitaji mtu asiyeogopa kuukodi.

Ninachotaka ni vitu vitatu, na vinaandikika kwa ukurasa mmoja. Kwanza, kifungu cha 5 kiseme wazi kuwa mwandaaji hana hatia mpaka ithibitishwe alipanga au alifaidika. Kipisi kilichookotwa chooni kisitoshe. Pili, maji, nesi, karatasi ya maelezo na kona ya kupumzika visitumike kamwe kama ushahidi dhidi ya aliyeviweka. Serikali hii hii ina kliniki za methadoni Mathari na Ngara. Inajua vizuri kwamba unaweza kumsaidia mtumiaji bila kumsifu. Tatu, yeyote anayepiga simu kuomba msaada kwa mtu aliyezidiwa, yeye na mgonjwa wasishtakiwe kwa kilichojulikana kupitia simu hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini unaweza kumnyima mtu matibabu bila kufunga mlango wa hospitali. Unamtisha tu aliyeshika simu.

Yule jamaa aliacha kuandaa shoo. Anauza nguo Gikomba sasa, na hafanyi vibaya. Lakini usidhani vijana walienda kulala. Juzi nilialikwa shoo kwenye mjengo ambao haujaisha, ghorofa ya nne, ngazi bila vyuma vya kushikilia, taa ya simu ndiyo taa. Hakuna kiingilio, hakuna bango, hakuna jina la mtu. Niliuliza nani ameandaa. Wakacheka, wakaniambia, "Hakuna mwenye shoo hapa."

Nikaangalia chini pale ngazi inapoishia, nikawaza: leo mtu akianguka, hata wa kubishana naye kuhusu simu hatakuwepo.