Jengo Likianguka Kariakoo, Nani Anasoma Kifusi?

Leo sitaandika habari za viza wala bei ya tiketi, hayo tumeyasema mpaka tumechoka. Nataka niongee na nyinyi mnaosoma uhandisi, kemia, udaktari na sheria, juu ya jambo ambalo naona tunalikwepa. Kwetu majengo yanaanguka na watu wanakufa. Sisi tunaosomea vitu hivi tupo wengi tu huku nje, lakini katika wote niliokutana nao, sijaona hata mmoja aliyejiunga na chama cha kitaaluma cha watu wanaochunguza kwa nini jengo limeanguka. Vyama vipo, milango iko wazi, na vitabu vyao vingi ni bure.

Naandika haya nikiwa Shiling, huku Huadu, kaskazini ya Guangzhou. Wengi mnapajua, hasa mliowahi kumsindikiza mtu wa nyumbani kununua mikoba. Mji mzima ni ngozi: hapa zipu, pale bitana, kule gundi, na juu ya kila duka kuna karakana yenye vyerehani. Nimekuja kumsaidia shangazi yangu kuongea na wenye mali, maana Kichina chake ni cha namba tu (na kwa namba hamuwezi, msijaribu). Sasa mwangalieni anavyofanya kazi. Akiambiwa hii ni ngozi halisi, anaomba kipande cha pembeni, anakichoma kwa kiberiti. Ikitoka harufu ya nywele zilizoungua, sawa. Ikiyeyuka na kunuka plastiki, anarudisha mfuko wake begani. Wakikubaliana, mkoba wa sampuli unafungwa, unatiwa saini na pande zote mbili, mmoja anabaki nao mwenye karakana na mwingine anaondoka nao yeye. Mzigo ukifika Dar na ukawa tofauti, kuna kitu cha kulinganisha ambacho hakuna anayeweza kukikana.

Jamani, hiyo ndiyo sayansi ya ushahidi. Kipimo kinachojulikana, kielelezo kilichohifadhiwa, na kumbukumbu ya nani alikishika lini. Shangazi yangu aliishia darasa la saba na anaifanya kwa mkoba wa yuan 40.

Na mikoba hiyo inakwenda wapi? Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka palepale Kariakoo, watu wakiwa kazini. Zaidi ya 80 waliokolewa, zaidi ya 20 walifariki. Kuna waliokuwa chini ya zege wakiwasiliana na waokoaji. Sisi wa huku simu zilikuwa haziachi kulia siku ile, kila mtu anauliza fulani yuko wapi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo.

Halikuwa la kwanza. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la kupangisha la Huruma likalala na watu wake. Waliokufa hawakupungua 50. Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka likiwa katika ukarabati, mafundi wawili wakafa.

Najua mtu atasema, tume zinaundwa, mbona. Ni kweli. Lakini niambieni nyinyi wahandisi wenzangu: darasani mmewahi kupewa ripoti kamili ya jengo lililoanguka kwetu, yenye vipimo vya zege, michoro, na hesabu za nguzo ipi ilianza? Mimi sijawahi, na nimekaa madarasani mpaka nina miaka 30. Niliyosomeshwa yote ni ya Marekani, Uingereza na China. Hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City naijua kama nyumba ya babu yangu. Mwaka 1981 njia za kupitia juu ya ukumbi zilianguka wakati wa dansi, watu 114 wakafa. Sababu ni ndogo ya kuudhi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu moja inayobeba njia mbili, ya juu na ya chini. Wakati wa kutengeneza ikabadilishwa kuwa fimbo mbili fupi, ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti ya juu. Basi nati iliyokuwa ibebe njia moja ikabeba mbili. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni na bodi ya jimbo la Missouri. Tangu hapo kila mwanafunzi wa uhandisi duniani anaonyeshwa ile nati. Ya Kariakoo ataonyeshwa na nani?

Hapa ndipo vyama vinapoingia. Wenzetu wa Mkemia Mkuu wa Serikali hutumia neno sayansi jinai, na kwa vinasaba na sumu linafaa. Kwa majengo mimi napendelea kusema uhandisi wa uchunguzi, kwa sababu si kila linaloanguka lina mhalifu. Huko Marekani wana chama chao, National Academy of Forensic Engineers, tangu 1982. Chama cha wahandisi wa ujenzi, ASCE, kina idara nzima ya kazi hiyo na jarida lake tangu 1987. Halafu kuna American Academy of Forensic Sciences, ya mwaka 1948, ambayo wengi wanadhani ni ya madaktari wa maiti na alama za vidole peke yake, kumbe ina sehemu ya wahandisi. Bodi yake ya viwango inaweka viwango vyake wazi, unapakua bila kulipa hata senti. Ulaya wana ENFSI tangu 1995, mtandao wa maabara, nao miongozo yao ya kazi wameitoa bure. Ukiwa na intaneti ya bweni tu, unaweza kuanza leo usiku.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kitu cha Waingereza kinachoitwa CROSS, kilichoanza 2005. Mhandisi akiona jambo la hatari kazini, nguzo nyembamba, zege bovu, bosi anayelazimisha, anaandika taarifa kwa siri. Jina lake na jina la jengo vinaondolewa, wataalamu wanaandika maoni yao, kisha inachapishwa kila mtu asome. Fikirieni kitu kama hicho kwetu. Kijana aliyetoka chuo, mshahara wenyewe unachelewa, anaona nondo za milimita 12 zimewekwa mahali pa 16. Akisema, kazi hana. Akinyamaza, ana dhambi. Leo hana mlango wa tatu.

Na hapa China tunapoishi? Tarehe 29 Aprili 2022, tarehe ileile ya Huruma, jengo la ghorofa nane lilianguka Changsha, si mbali sana kwa treni kutoka hapa. Watu 54 walikufa. Lilikuwa limejengwa na watu wenyewe na kuongezwa ghorofa, kama yale tunayoyafahamu. Siku chache kabla, kampuni ya upimaji ilikuwa imetoa cheti kwamba liko salama. Hilo linanitisha kuliko zege lenyewe, maana mtu alikuwa na vipimo, muhuri na jina la utaalamu, akaviuza. Wakubwa wa kampuni hiyo walikamatwa. Baraza la Serikali lilichunguza na ripoti ikatolewa 2023. Ile ya hoteli ya Quanzhou iliyoanguka Machi 2020 na kuua watu 29 nayo ilitolewa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya mambo mengi ya nchi hii, mimi pia ninayo, lakini ripoti hizo zipo na zinasomeka, zinasema nani aliongeza ghorofa, nani alipitisha karatasi.

Kuna jambo lingine la China ambalo wanasheria wetu wanapaswa kulitazama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2005 mahakama za hapa haziruhusiwi kuwa na maabara zao za uchunguzi. Polisi wanaweza kuwa nazo kwa ajili ya upelelezi, lakini si kuuza huduma kwa wananchi. Wazo ni kwamba anayepima asiwe chini ya anayehukumu. Na kwa wapenzi wa historia: kitabu mashuhuri kabisa cha zamani juu ya uchunguzi wa vifo kiliandikwa mwaka 1247 na Song Ci, aliyewahi kuwa msimamizi wa mahakama mkoa huuhuu wa Guangdong. Kimo kisa cha mundu uliofuatwa na nzi kati ya miundu yote ya kijiji, kwa harufu ya damu iliyokuwa imefutwa. Mwenye mundu akakiri.

Sasa msidhani nasema mtaalamu akijiunga na chama basi amekuwa malaika. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni ya Madrid, wataalamu wa FBI walisema alama ya kidole ni ya wakili mmoja wa Oregon, Brandon Mayfield. Akafungwa wiki mbili. Haikuwa yake. Mwaka 2009 taasisi ya sayansi ya taifa ya Marekani ikatoa ripoti nzito: ukiacha vinasaba, njia nyingi zilizokuwa zikitumika mahakamani hazijathibitishwa vya kutosha. Ripoti hiyo nayo ni bure, isomeni. Ilichonifundisha ni kwamba uzoefu wa mtu, hata awe mzee wa fani, si kipimo. Kipimo ni kile ambacho mwingine anaweza kurudia na kukukatalia. Ndiyo kazi ya chama chenye meno: kukukatalia mbele ya wenzako, kabla hujamkatalia mtu uhuru wake.

Wenzangu wawili niliozungumza nao walinipinga, na hoja zao si za kutupa. Wa kwanza, Mkenya wa mwaka wa pili wa uzamili, aliniambia, "Kaka, sisi tunahitaji zege nzuri, si wachunguzi wa zege mbaya." Namuelewa. Ila zege ya mwaka kesho tutaijuaje kama hatujui ya mwaka jana ilikosa nini? Ilikuwa saruji kidogo? Mchanga wa baharini wenye chumvi, uliokula nondo? Au zege ilikuwa safi na mtu alichimba chini ya msingi? Kila moja ina dawa yake, na ukitoa dawa ya moja kwa ugonjwa wa nyingine umepoteza hela na watu. Na majibu yako ndani ya kifusi kwa muda mfupi sana. Kuokoa watu kwanza, hapo hakuna mjadala. Lakini watu wakishatoka, katapila linabeba kila kitu kwenda dampo, na ushahidi umekwenda nacho. Jengo la Champlain Towers lilipoanguka Florida Juni 2021, likaua 98, vipande muhimu vya nguzo na sakafu viliwekewa alama na kuhifadhiwa ghalani ili vipimwe.

Wa pili, dada wa sheria kutoka Kampala, aliuliza swali gumu zaidi: ripoti itumike kumfunga mtu au kufundisha? Maana ukiwaambia mafundi kwamba kila watakalosema litawapeleka jela, hawatasema. Wamarekani kwa sheria yao ya 2002 walichagua: ripoti za uchunguzi wa majengo za taasisi yao ya viwango haziwezi kutumika kudai fidia mahakamani. Mimi siko huko kabisa. Kwetu, ambako wafiwa wanaondoka na sanduku na mkono wa pole, ripoti isiyoweza kutumika mahakamani itaonekana ni njama nyingine. Naona bora vipimo viwe wazi kwa wote, mahakama na darasa, na maelezo ya siri ya mafundi yabaki siri. Yeye bado hakubali. Nimemwomba aandike toleo lijalo.

Ninachopendekeza si kikubwa. Tusianzishe chama chenye mwenyekiti, makamu na mweka hazina kabla ya kazi, hivyo tunavyo vya kutosha. Tuanze na watu sita au saba, wahandisi watatu, mkemia, daktari, wanasheria wawili, kila mwezi tusome ripoti moja ya jengo lililoanguka na kuifupisha kwa Kiswahili, kurasa mbili, kisha tuitume kwa wenzetu walioko Ardhi, Nairobi na Makerere. Kila mmoja ajiunge na chama kimoja kama mwanafunzi, atuletee anachokipata. Wanaorudi nyumbani likizo waulize bodi za wahandisi, ile ya Tanzania na ile ya Kenya, ripoti zipi mwananchi anaweza kuzisoma, na warudi na jibu la maandishi, hata likiwa hapana.

Mimi nimeshaanza na ya Changsha. Nimefika kwenye sura ya nguzo za ghorofa za chini, na Kichina chake cha kitaalamu kinanitoa jasho. Anayekisoma vizuri kuliko mimi anitafute Jumapili, nitakuwa nimerudi kutoka Shiling. Chai juu yangu.