Na Jamaa wa Mlevi Je?

Hapa visiwani, ulevi ukitajwa wengi hukumbuka mara moja heroini, vijana wa mitaa ya mjini, na zile nyumba za soba zilizoanza kufunguliwa Unguja miaka ya 2009 na kuendelea. Leo tunapenda kuwapeleka wasomaji wetu, na hasa viongozi wa Serikali zetu mbili, mbali kidogo na bahari, mpaka Wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huko kinachobomoa nyumba za watu zaidi ni pombe. Tunaitazama Kyela kwa sababu inatuonyesha waziwazi jambo ambalo hata sisi tumelipuuza, nalo ni hali ya jamaa wa mlevi.

Kyela si nchi ya njaa. Ina mpunga, ina kakao, ina samaki, na mpaka wa Malawi uko mlangoni pake. Kwa hiyo mlevi wa Kyela ana kitu cha kuuza. Kakao iliyovundikwa na kukaushwa vizuri huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika. Lakini upo pia ununuzi wa kakao mbichi, unaoitwa huko njuka, ambao viongozi wa mkoa wamekuwa wakiupiga marufuku. Mwenye kiu ya pombe hangoji mnada. Mkewe, aliyepalilia shamba mwaka mzima, hupata habari siku anapofika na kukuta mashina matupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mkewe. Ni kinga njema, lakini kakao iliyo mtini si nyumba.

Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vyao vya marika, ambamo vijana wa rika moja walijenga na kukaa pamoja. Jambo walilolithamini sana waliliita ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako mkala na kunywa pamoja. Hatudai kwamba wazee hao hawakulewa. Tunachosema ni kwamba aliyezidisha alikuwa na wenziwe wa kumwona. Kiroba cha mfukoni hakikuhitaji mwenzi. Serikali ilifanya vyema kukipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017; lakini pombe kali haikutoweka, ilihamia kwenye chupa.

Hapana budi tukiri yaliyotendwa. Sheria ya mwaka 2015 ilileta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Kidongo Chekundu mwaka 2015, na Mbeya mwaka 2017. Hata hivyo methadoni ni tiba ya waliozoea heroini na jamii yake. Haimfai mlevi wa pombe, na toka Kyela hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Zaidi ya hayo, huduma zote hizo humlenga mtumiaji. Mama humkabidhi mwanawe mlangoni, kisha mara nyingi hurudi nyumbani na maswali yake yale yale.

Na maswali hayo si madogo. Je, amlipie deni la kilabuni ili aibu iishe, au kwa kulipa anamnunulia chupa ya kesho? Watoto waambiwe nini? Wako wanaomfungia mlevi chumbani kwa nia njema kabisa, bila ya kujua kwamba mnywaji mkubwa wa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla aweza kupatwa na degedege, na hata kufa, na kwamba mtu wa namna hiyo apaswa kuachishwa chini ya uangalizi wa mganga. Huko Marekani, wake za walevi waliokuwa wakikutana kuacha pombe tangu mwaka 1935 waligundua kuwa nao wanahitaji kikao chao wenyewe, wakakiundia chama mwaka 1951. Sisi tumeiga vikao vya waraibu. Vya jamaa zao havijapewa uzito.

Kikwazo kikubwa ni haya. Mwanamke wa Ikombe, anayefika Matema kwa mtumbwi kuuza vyungu, hatasimama mbele ya majirani akasema mumewe amemshinda. Na wa Micheweni hali kadhalika. Lakini simu ya mkononi anayo. Kikao cha jioni moja kwa wiki kwa njia ya simu, chini ya Ofisa Ustawi wa Jamii aliyefunzwa na kuapa kutunza siri, kingewakutanisha watu kumi wasioonana nyuso. Namba 119 ya Mamlaka, ambayo hailipiwi, ingeweza kuwa na msikilizaji maalumu wa mama na wake, wala isiwe ya mtumiaji na mtoa taarifa peke yao. Asiye na simu akae kwenye zahanati na ya mwuguzi. Palipo na kipigo, bila shaka, mambo ni ya Dawati la Jinsia la Polisi, si ya mazungumzo.

Tutaambiwa fedha hakuna. Mshahara wa ofisa mmoja na muda wa maongezi si mzigo wa kuishinda wilaya yenye kakao. Tungependa kuona fungu hilo likiandikwa katika makadirio yajayo ya Halmashauri ya Kyela, na jingine mfano wake likisomwa Chukwani kwa ajili ya Unguja na Pemba.